Somo la Sayansi: Chombo Kilichosubiri Bila Kikomo



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya bodi ndogo ambazo Klabu ya Sayansi huzitumia, na hasa juu ya namna ya kutafuta makosa katika programu za ndani yake. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazazi wengi waliofika Siku ya Wazazi waliuliza vyombo vile vyafanya nini na kwa nini vifaranga wao walikufa. Ya pili, ninalo deni kwa mwanafunzi mmoja, na deni la namna hii halilipwi ila kwa kusema kweli mbele ya watu wote. Basi someni kwa makini, nanyi wanafunzi wekeni kalamu karibu, maana mwishoni kuna maswali.

1. Bodi ndogo ni kitu gani?

Bodi ndogo ni kipande cha ubao wa umeme chenye mikrokontrola juu yake. Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya chipu moja. Chipu tunayoitumia sisi huitwa ATmega328P. Ile ya miguu 28 ni fupi kuliko kidole chako cha shahada, walakini hutekeleza hatua za kazi zipatazo milioni 16 kwa sekunde. Nafasi yake ya kuwekea programu ni kilobaiti 32, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Ukitaka kujua udogo wa kumbukumbu hiyo, fahamu kwamba makala haya unayosoma hayawezi kuenea humo. Ungejaza robo yake tu, hata pungufu, ukaambiwa nafasi imekwisha.

Chipu hiyo haina akili yake yenyewe. Hufuata programu iliyoandikwa ndani yake, nayo hukaa humo hata umeme ukikatika. Programu hiyo ina tabaka mbili. Tabaka ya juu ni ile tunayoiandika sisi: pima joto, washa taa, zima taa. Tabaka ya chini ni maktaba ya msingi, yaani kazi zilizokwisha andikwa na wengine ili sisi tusihangaike nazo: jinsi ya kusoma saa, jinsi ya kutuma herufi, jinsi ya kuzungumza na kipimajoto.

Nitatoa mfano wa hapa shuleni. Mpishi wetu husema, "Nileteeni unga debe mbili," na mtunza ghala huleta. Mpishi haulizi ufunguo uko wapi wala gunia lilifunguliwaje. Siku zote mambo huenda vizuri. Lakini siku mtunza ghala akikwama ndani ya ghala, mpishi atakaa na maji yanayochemka, wanafunzi watakaa na sahani zao, na kila mtu atamlaumu mpishi. Maktaba ya msingi ndiyo huyo mtunza ghala.

2. Kisa cha vifaranga

Uyole yetu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kila mtu ashukaye kwenye njia panda ya barabara ya Dar es Salaam na ile ya Tukuyu na Kyela usiku wa Julai ajua baridi ya hapa. Joto la nje laweza kuteremka chini ya nyuzi 10. Kifaranga wa juma la kwanza ahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kwa hiyo hapana budi kuwekwa katika bruda yenye taa za joto.

Mwaka jana wazazi walichanga fedha, tukanunua vifaranga 200. Klabu ikatengeneza bodi ya kulinda joto lao. Kipimajoto kidogo kiliunganishwa na bodi kwa nyaya mbili za mazungumzo: mmoja wa kupitishia habari, mwingine wa kuhesabia mapigo. Joto likishuka chini ya nyuzi 32, bodi huwasha taa kwa njia ya swichi ya sumaku iitwayo relei. Likipita 34, huzizima. Tuliweka pia taa mbili za kuonyesha hali: ya kijani yaeleza kwamba umeme upo, na ya manjano huwaka na kuzimika kila sekunde kueleza kwamba programu inakwenda.

Usiku wa nne zamu ilikuwa ya kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Alfajiri alikuja kunigongea mlango. Vifaranga 63 walikuwa wamekufa, wamelaliana katika pembe moja ya bruda.

Nilimwuliza ilikuwaje. Akasema, "Mwalimu, niliamka saa kumi usiku nikakuta taa za joto zimezimika. Ile ya kijani ilikuwa inawaka, lakini ya manjano ilikuwa imetulia. Nikachomoa waya wa umeme, nikauchomeka tena, taa zote zikawaka."

Mimi nilisikia neno moja tu katika maneno hayo: kuchomoa. Nikajisemea, kumbe alichomoa tangu jioni ili apate mahali pa kuchajia kitu chake, akalala, kisha akarudisha. Mbona chombo ni kizima sasa? Nikamwondoa katika Klabu, nikampa adhabu ya kulima, na barua ikaenda nyumbani.

Akaja bibi yake, mzee aliyemlea. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, kijana huyu nimemlea mimi. Akisema hakuzima, hakuzima." Nilimjibu kwa maneno mengi ya kisomi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaondoka. Leo naona haya kuyakumbuka maneno yale.

Baada ya siku tisa, nililala mimi mwenyewe karibu na bruda. Saa nane usiku niliamshwa na kelele za vifaranga. Taa za joto zimezimika. Ya kijani inawaka. Ya manjano imetulia tuli. Wala hapakuwa na mtu mwingine katika chumba kile ila mimi.

Tuliwaokoa vifaranga kwa jiko la mkaa, madirisha tukiyaacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa mbaya ya mkaa. Palipokucha nilimwita yule kijana.

3. Hatua za kutafuta kosa

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja, na hatua tulizozifuata ndizo somo lenyewe.

Hatua ya kwanza: andika ulichokiona, si ulichokidhani. Kijana alikuwa ameona kweli: umeme upo, programu imesimama. Maneno hayo yalikuwa nusu ya jibu. Umeme ungekuwa umekatika, ya kijani ingezimika. Taa za joto zingekuwa zimeungua, ya manjano ingeendelea kucheza. Basi palibaki jambo moja: programu ilikuwa imeganda mahali fulani, nayo iliganda wakati taa za joto zimezimwa.

Hatua ya pili: lifanye kosa litokee upesi. Kosa litokealo mara moja kwa siku tisa halifai kusubiriwa. Tulihamisha vyombo kwenye maabara, tukaandika programu iwashe na kuzima relei kila baada ya sekunde 2, yaani mara 1,800 kwa saa. Kabla ya saa moja kwisha, bodi iliganda. Tulifurahi kana kwamba tumepata zawadi, kwa maana kosa linalokuja uliitapo limekwisha kamatwa mkia.

Hatua ya tatu: gawanya katikati. Tuliziondoa taa za joto, tukaacha relei ikigonga bure: bodi haikuganda usiku kucha. Tukazirudisha taa: ikaganda. Tukatenganisha nyaya za kipimajoto na nyaya za taa: iliganda mara chache sana. Hapo tukajua kwamba relei inapokata umeme wa taa hutokea cheche, na cheche hiyo huingia katika nyaya za kipimajoto, ambazo sisi wenyewe tulikuwa tumezifunga fungu moja na nyaya za taa ili zipendeze. Ndiyo sababu bodi iliganda mara tu baada ya kuzima taa, na si baada ya kuziwasha.

Hatua ya nne: weka alama njiani. Tuliiambia programu itume herufi A kwa kompyuta kabla ya kukiuliza kipimajoto, herufi B baada ya kupata jibu, na herufi C baada ya kuamua juu ya taa. Tulijaribu mara kumi. Mara zote kumi herufi ya mwisho ilikuwa A. Basi bodi ilikwama kati ya A na B, na kati ya A na B hapakuwa na kazi yetu hata moja. Palikuwa na kazi ya maktaba peke yake.

Hatua ya tano: fungua maktaba uisome. Wengi huogopa hapa. Hudhani kwamba maktaba ya msingi haiguswi. Maktaba hizi ziko wazi, ni maandishi kama maandishi mengine, na ajuaye kusoma programu aweza kuzisoma. Tulisoma kwa siku tatu. Siku ya tatu kijana aliweka kidole juu ya mstari mmoja, akasema, "Mwalimu, hapa inaambiwa isubiri, lakini haikuambiwa isubiri mpaka lini."

4. Kosa lenyewe

Mstari ule, kwa Kiswahili, wasema hivi: maadamu kazi ya kusoma haijaisha, endelea kusubiri. Ndani ya chipu kipo kitengo cha kusimamia nyaya mbili. Kitengo hicho kikimaliza hatua yake hupiga kengele, nayo huitwa katizo. Kengele ikilia, programu hujua kwamba kazi imesonga mbele. Siku za kawaida kengele hulia baada ya muda mdogo sana. Lakini cheche ikivuruga mapigo katikati ya mazungumzo, kitengo chaweza kubaki katika hali isiyo na kengele. Programu nayo yasubiri. Itasubiri dakika, saa, usiku kucha. Haina amri ya kuondoka.

Ni kama mtu amtumaye mjumbe mjini Mbeya kuleta dawa, akakaa mlangoni akiapa hatainuka mpaka mjumbe arudi. Mjumbe akipotea njiani, mgonjwa atakufa na mtu yule bado yuko mlangoni, mwaminifu kwa kiapo chake. Uaminifu wa namna hii haumsaidii mtu. Kila kusubiri sharti kuwe na kikomo.

5. Dawa

Kijana aliandika dawa yake mwenyewe: hesabu, na hesabu ikipita kiwango, toka. Tulijaribu. Taa ya manjano haikuganda tena, tukashangilia. Walakini baada ya cheche ya kwanza kila jibu la kipimajoto lilikuja tupu. Programu ilikuwa imeponywa, bali kitengo cha nyaya mbili kilikuwa kingali kimevurugika. Ndipo akaongeza sehemu ya pili: baada ya kutoka, kizime kitengo kile na kukiwasha upya. Tuliiacha bodi ikigonga relei mchana na usiku, mara 43,200. Ilivurugika mara 31, na mara zote 31 ikajirudi yenyewe.

Siku chache baadaye tulipata mahali penye intaneti nzuri, tukatazama kama wengine wamepatwa na jambo hili. Kumbe wengi. Maktaba ya nyaya mbili ya Arduino, iitwayo Wire, ilikwisha kuongezewa amri ya kuweka kikomo mwaka 2020. Amri hiyo ni setWireTimeout. Hupewa muda kwa mikrosekunde, na muda wa kawaida ni 25,000, yaani sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Tena huambiwa kama izime na kuwasha upya kitengo au isifanye hivyo. Ni dawa ile ile, sehemu mbili zile zile. Kompyuta yetu ilikuwa na nakala kuukuu, iliyonakiliwa kwa flashi miaka mingi iliyopita, nasi hatukutazama tarehe yake hata siku moja. Basi wazazi wajue kwamba kosa halikuwa la waliotunga, bali letu sisi tuliokaa na nakala ya zamani na kufunga nyaya vibaya. Tena kuweka toleo jipya peke yake hakutoshi: kikomo hakifanyi kazi mpaka programu yako itoe amri hiyo.

Nilidhani kijana atahuzunika kuona wengine wamemtangulia. Alicheka, akasema, "Mwalimu, basi sisi tulifikiri sawasawa."

Pamoja na hayo tuliongeza mambo manne, nayo yafaa kwa kila chombo kinacholinda uhai:

(a) Nyaya za habari zisifuatane na nyaya za umeme mkubwa.

(b) Jibu tupu lisichukuliwe kuwa ni joto. Kipimajoto kisipojibu, washa taa na upige kengele.

(c) Chipu yetu ina mlinzi wa ndani. Programu isipomgusa kwa muda uliowekwa, ambao waweza kufika sekunde 8, mlinzi huiwasha chipu upya. Tulimweka kazini.

(d) Relei ifungwe hivi kwamba ikikosa amri taa ziwake, zisizimike. Bodi ikianza upya huiachilia relei, na vifaranga hupata joto. Bruda nayo iwe pana, ili wakizidiwa na joto wasogee kando. Chombo chaweza kushindwa. Sharti kishindwe upande wa usalama.

6. Mfano wa pili, wa saa

Ili msidhani kwamba makosa ya maktaba ni ya kusubiri tu, nitaeleza jingine. Arduino ilianzishwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Katika matoleo ya kwanza, amri ya millis, ambayo hutoa idadi ya milisekunde tangu bodi iwashwe, ilirudi sifuri baada ya saa 9 na dakika 32 hivi. Kwa nini? Nafasi ya namba ilikuwa ya biti 32, isiyoweza kupita 4,294,967,295. Maktaba ilichukua hesabu ya mapigo, ikaizidisha kwanza kwa 128, kisha ikaigawanya kwa 125. Jibu la mwisho lingeenea vizuri, lakini lile la katikati lilifurika kama maji katika debe dogo. Mwaka 2008 hesabu hiyo ilibadilishwa, na tangu hapo saa hiyo hurudi sifuri baada ya siku 49 na zaidi ya nusu.

Fikirini taabu ya mtu aliyejaribu chombo chake mchana kwa saa nane, akaona ni kizima, akakiacha kazini usiku. Kwa hiyo jaribio lisilopita muda wa kazi yenyewe si jaribio. Tena, mtakapopima muda, msiulize "je, saa imefika namba fulani?" Toeni wakati wa kuanzia katika wakati wa sasa, mtazame tofauti. Kwa namba zisizo na alama ya hasi, tofauti hubaki sahihi hata saa ikipita sifuri.

7. Deni

Jumatatu iliyofuata nilisimama mstarini mbele ya shule nzima, nikaeleza niliyoyaeleza hapa, nikamwomba radhi yule kijana. Jioni nilikwenda kwa bibi yake. Nilimwamkia, nikasema, "Mama, uliniambia kweli, nami sikukusikia." Alininyamazia kidogo, kisha akaniletea kiti. Kijana amerudi katika Klabu, naye ndiye anayetunza daftari la makosa. Kila kosa huandikwa humo: tarehe, lililoonekana, lililojaribiwa, na toleo la maktaba. Mzazi yeyote aweza kuja kulisoma.

Maswali

1. Amri ya millis hurudi sifuri baada ya milisekunde 4,294,967,296. Onyesha kwa hesabu kwamba muda huo ni siku 49.7 hivi.

2. Katika chipu yetu namba ya kawaida yenye alama haipiti 32,767. Mwanafunzi ameweka humo milisekunde za kusubiri dakika moja. Atapatwa na nini?

3. Kwa nini dawa ya kwanza ya kijana ilitoa programu katika mgando lakini haikurudisha habari za joto?

4. Kama relei ingefungwa ili taa ziwake ikikosa amri, lakini bodi ikaganda bila mlinzi wakati taa zimezimwa, je, vifaranga wangepona? Eleza.

5. Rudia kusoma maneno ya kijana katika sehemu ya 2. Mwalimu angeuliza swali gani moja asubuhi ile, kabla ya kumhukumu?